Nge Kwenye Gunia la Makaa

Mama alipolia jikoni, ameshika kidole, nilimwambia ni mwiba. Akasema ni nge. Nikamjibu kwamba Yamumbi kuna baridi sana, nge hawezi kuishi hapa. Nilikuwa bado naeleza alipotokea nge mwenyewe kando ya gunia la makaa, wa manjano, mkia juu. Makaa yalikuwa yametoka bonde la Kerio kwa lori. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mama ana presha, na ganzi ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Nilitaka aende hospitali mara moja. Yeye alitaka jiwe.

Jiwe ni la jirani yetu, mwalimu wa chekechea aliyehamia hapa kutoka upande wa ziwa. Ni kipande cheusi, chepesi, kinachowekwa palipoumwa ili kinyonye sumu. Lakini ngozi huchanjwa kwanza, la sivyo hakishiki. Alikuja nalo, pamoja na wembe.

Nikauliza wembe huo umewahi kumchanja nani. Nikauliza jiwe linatofautishaje sumu na damu.

"Huyu mlimpeleka chuo kikuu asomee kuuliza?" jirani akamwuliza mama.

"Alisomea hesabu. Maswali alitoka nayo nyumbani."

Mama hakuinuka kitini. Bila jiwe, alisema, haendi popote. Ubishi ulikuwa unakula muda, nikakubali: jiwe ndiyo, wembe hapana, na tunaenda nalo hospitali. Kwa kuwa halikushika, jirani alilifunga kidoleni kwa kipande cha leso. Kwenye boda boda mama alikaa kati yangu na dereva, kidole juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Muuguzi aliliweka jiwe kwenye trei. Akaosha kidole, akampa mama dawa ya maumivu, akawa anampima presha kila mara. Ilikuwa juu. Tuliruhusiwa kuondoka alasiri, iliposhuka, na mama akakumbusha jiwe lisisahaulike, si letu.

Jirani alipokuja kulichukua alisema limefanya kazi. Nikamwambia halikugusa hata tone la damu, na kwamba maumivu ya nge mara nyingi huisha yenyewe.

"Umejuaje? Ulikuwa na mama mwingine, aliyeumwa akakosa jiwe?"

Sikuwa naye. Swali hilo ningeuliza mimi.

Nikamwuliza makaa yake alinunua wapi. Lori lile lile. Basi tulienda kwake tukamwaga gunia lote uani, tukapekua kipande kimoja kimoja kwa koleo, yeye upande wake, mimi upande wangu.