Isolator ya waya mbili kwenye mota ya phase tatu: siku nilipolazimika kumtaja mama mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Wadogo zangu marahaba, wakubwa shikamoo, ingawa sidhani kama humu yupo aliyenizidi umri.

Mimi ni mzee wa miaka tisini na moja. Mjukuu ndiye kanifungulia akaunti nisome habari za mpira. Sikupanga kuandika chochote.

Ila jana nimesoma uzi wa kijana mmoja wa Nzega. Anafunga mashine ya kukoboa mpunga, mota ya phase tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu, zote zina umeme. Dukani amekosa isolator ya waya tatu, anauliza kama anaweza kuweka ya waya mbili "kwa muda". Watu watatu wamemjibu weka tu mkuu, mota si itazima?

Wakuu, simu iliniponyoka ikaanguka kitandani. Nitakayoandika hapa yalinipata mwenyewe, na mengine ni ya aibu kwangu.

Ilikuwa Tabora, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa fundi umeme kwa mkandarasi mmoja wa pale mjini, na mimi asili yangu ni Mzaramo. Wanaojua wanajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wanabeba mizigo kuja kwetu pwani. Ukifika Tabora na kabila lako likajulikana, umekwisha. Utatukanwa na mtu hujawahi kumwona, na kukasirika ni marufuku.

Nikaoa huko huko. Mke wangu aliitwa Kalunde, na kaka yake, Maganga, alikuwa fundi wa mashine ya mpunga ya Mhindi mmoja karibu na Isevya. Kwa hiyo Maganga alikuwa mtani wangu kwa kabila na shemeji yangu kwa ndoa. Hakuna siku tuliyoongea kama watu wazima.

Bosi wangu akanituma kufunga mota mpya kwenye mashine hiyo.

Kwa wasio mafundi, switch fuse ni swichi na fuse ndani ya kasha moja. Waya ukizidiwa, fuse inakatika kabla nyumba haijaungua. Isolator kazi yake ni kuitenga mashine na umeme wote, ili mtu aingize mkono akiwa salama. Switch fuse kubwa ya waya tatu, ndiyo main switch, tuliifunga ofisini kwa Mhindi. Hiyo haikuwa na shida. Shida ilikuwa isolator, ile ya kwenye mashine.

Kitabu cha kanuni nilikuwa nacho, na Kiingereza nilikisoma vizuri tu. Kilisema kila mashine iwe na swichi yake, iwe karibu na anayeitumia, na ikate nyaya zote zenye umeme.

Zote.

Isolator ya waya tatu tuliagiza Dar, ikachelewa kwenye treni. Mhindi ana mpunga umejaa mpaka mlangoni, ananipigia kelele kila asubuhi. Stoo kulikuwa na swichi moja ya chuma, ya waya mbili, imetolewa kwenye nyumba ya mzungu aliyehama. Nikaifunga. Waya wa tatu nikaupitisha pembeni, moja kwa moja hadi kwenye mota. Na kwa kuwa bomba la nyaya lilikuwa fupi, swichi yenyewe ikakaa ukuta wa upande wa pili.

Tukajaribu. Mota ikanguruma. Nikavuta mkono wa swichi chini, ikanyamaza. Wapagazi wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Nikajiambia nitabadilisha ikifika ile ya Dar.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana ndipo penye ubaya wangu. Nilijua waya wa tatu una umeme muda wote. Nilijua kabisa. Ila mota ikisimama, jicho linakudanganya kuwa kazi imekwisha.

Tena kulikuwa na mchezo wetu. Wiki nzima, kila Maganga akiinama kwenye ile mota, mimi nilikuwa napiga kelele nyuma yake, "Toa mkono, umeme huo!" Anaruka kama kuku, watu wanacheka. Siku ya nne akawa haruki tena.

Siku ya sita mzigo ukafika. Nikaenda stesheni, nikarudi na isolator mpya kwenye boksi. Ilikuwa saa saba mchana, Oktoba ile ya Tabora, joto la kupasua kichwa. Mhindi ameenda kula, ofisi kaifunga na ufunguo kaondoka nao.

Nilipoingia, mota ilikuwa imezimwa na mkono wa swichi uko chini. Kwa mbali, ng'ambo ya magunia, namwona Maganga amechuchumaa, jasho linamtiririka. Nikadhani anapaka grisi.

Nikafungua kasha la swichi ili niweke alama kwenye nyaya. Nilikuwa na taa ya kupimia, balbu yenye nyaya mbili. Ncha moja nikaishikiza kwenye bomba la chuma, nyingine nikagusa waya wa kwanza. Giza. Wa pili. Giza. Wa tatu ikawaka, nyeupe kabisa.

Nikageuka. Maganga hapaki grisi. Amefungua kifuniko cha nyaya cha mota, ana bisibisi mkononi, anataka kukaza skrubu iliyolegea. Yuko peku kwenye sakafu iliyotoka kumwagiwa maji. Mkononi ana bangili za shaba za babu yake, zile ambazo havui hata akioga.

 Wakuu, sikuwahi kuogopa vile kabla ya siku ile.

Nikapiga kelele, "Maganga! Toa mkono! Umeme huo!"

Hakugeuka hata kichwa. "Mzaramo, leo hunipati," akasema, akacheka. Wapagazi wakacheka naye.

"Kweli Maganga! Haki ya Mungu, utakufa!"

"Nikifa utanizika, si ndiyo kazi yenu watani?"

Kumfikia ilibidi kuzunguka magunia yote. Bisibisi ilikuwa imebakiza shibiri moja kugusa waya. Main switch iko ofisini, na ofisi imefungwa. Nililia machozi, na machozi yale nayo akayasikia kama maigizo. Kila neno la kumwonya nilikuwa nimeshalichezea wiki nzima.

Basi nikamtaja mama yake.

Vijana wa leo hamtaelewa. Kwa Wanyamwezi wa wakati ule, mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hata ukikutana naye njiani unapinda unaingia porini. Utani una ruhusa nyingi, lakini hiyo haimo. Nilikuwa na miaka miwili kwenye ndoa na jina lile halijawahi kupita kinywani mwangu.

"NYAMIZI!" Nikaita kwa sauti yangu yote. "Nyamizi, mwanao anakufa!"

Kicheko kilikatika. Mpagazi mmoja akaangusha gunia.

Maganga akasimama polepole, bisibisi mkononi, macho mekundu. "Umemtaja nani?"

Akaja. Akapita juu ya magunia, sijui hata alipandaje. Nilijua ananipiga na nikashukuru, maana kila hatua ilikuwa inamtoa kwenye mota. Aliponishika shati nikamwonyesha taa. Swichi iko chini, taa inawaka. Nikamwambia waya huu ndio ulio pale ulipotaka kugusa.

Akaitazama ile taa muda mrefu. Halafu akakaa juu ya gunia, akaanza kuvua bangili moja moja.

Mhindi aliporudi tulizima main switch, nikafunga ile mpya, karibu na mashine safari hii. Nilipima kila waya mara tano.

Lakini jina lilikuwa limeshatajwa, na mji mdogo ule. Jumapili nilitakiwa kwenda Isevya, nyumbani kwa wakwe, na jogoo, kuomba radhi. Nikaketi uani. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango, tusionane. Kalunde akakaa kizingitini kupeleka maneno, maana mama yake alisema Kinyamwezi kitupu.

Maganga alikuwa ameshamweleza kwamba nilimtaja ili kumwokoa mwanawe. Nikasikia kutoka ndani ananishukuru, ananiombea. Kalunde ananitafsiria huku anatabasamu.

Ningeweza kunyamaza. Niliogopa kuliko hata siku ile mashineni, kwa sababu hapa nilikuwa napoteza mke. Lakini zile shukrani zilinichoma. Nikasema, "Mwambie mama, hatari ile niliitengeneza mimi. Nilijua swichi haitoshi, nikaifunga."

 Kalunde aliniangalia kwanza. Kisha akageuka, akasema.

 

Baadaye sauti ikatoka, ya chini, maneno machache. Kalunde akanigeukia. "Mama anasema jogoo amempokea. Na jina lake amekupa. Kila utakapomaliza kufunga swichi, kabla hujamruhusu mtoto wa mtu aguse, ulitaje. Ukiona aibu kulitaja, ujue hujamaliza kazi."

Nimefanya kazi ya umeme zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo. Sijawahi kukabidhi mashine bila kugusa kila waya kwa taa, huku nataja jina lile kimoyomoyo. Mama mkwe alishafariki, Maganga pia, kwa uzee wake, kitandani, wajukuu wamemzunguka. Nilikwenda kumzika, na watani tulifanya vituko vyetu vyote.

Somo mnaliona wenyewe. Mota kusimama si ushahidi. Isolator ikate nyaya zote zenye umeme, iwe karibu na mashine, na kabla ya mkono kuingia, pima. Na neno la hatari msilifanyie mchezo kazini.

Mafundi mliomo humu, kosoeni, ongezeeni, na kama kuna aliyeponea chupuchupu kama Maganga asimulie.

Na wewe kijana wa Nzega, kama umeshaifunga, nenda kauzime umeme kule unakoanzia sasa hivi, halafu rudi hapa uniandikie. Nimekuuliza kwenye uzi wako tangu jana usiku na hujajibu. Simu nimeishika.