Filamu ya Majembe Niliyoiita ya Kulala

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona na simu yako, mwanangu, ukiandika kwamba filamu fulani mpya haifai. Juzi nilikuuliza kama umeiangalia. Ukasema umeona kionjo. Siwezi kukucheka, maana mimi nami niliwahi kuonja kijiko kimoja nikatangaza chakula kibaya, na aliyelala njaa alikuwa bibi yangu.

Shule niliishia darasa la tatu. Mashine hizi mbili za kusaga unazoziona nimezipata kwa mikono yangu, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kabla ya mashine, sifa yangu ilikuwa sinema. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, gari la sinema la serikali lilikuja Sumbawanga mara chache kwa mwaka, likatundika kitambaa cheupe uwanjani jioni mbili tatu, na mimi sikukosa hata mara moja. Kijiji chetu kiko kwenye barabara ya Kipili, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka mjini. Nikirudi, wenzangu kwenye shamba la kijiji wanaegemea majembe na kuniuliza jambo moja tu: "Kristofa, ni ya kutembea au ya kulala?" Nikisema ya kutembea, jioni hiyo kijiji kinabaki na mbuzi. Nikisema ya kulala, hakuna anayefunga kiatu.

Raha ya kuaminiwa hivyo, wacha tu. Vipimo vyangu vilikuwa vitatu: ngumi, farasi na treni. Filamu isiyo na hata kimoja niliihukumu kabla haijakohoa.

Mwaka mmoja, wakati wa kulima, gari lilikuja kwa jioni mbili. Ya kwanza nikawa mbele kabisa. Walianza na filamu ya kigeni, ya jambazi mmoja na farasi wake mweusi. Hiyo naisifu mpaka leo, ingawa jambazi alipigwa risasi mara nne na kofia haikuanguka. Ikafuata filamu ya kwetu. Kitambaa kikajaa udongo. Likaja jembe. Likaja jembe lingine. Nikamwambia jirani yangu, "Nimetembea saa nne kuja kuangalia jembe?" Nikaondoka zangu hadi Milanzi, kwa binamu yangu nilikokuwa nalala, nikamsimulia farasi.

Kesho yake adhuhuri nikafika shambani. Bibi Yustina, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa amesimama pembeni na wenzake wanne, hawana majembe, wamenawa miguu. Bibi alikuwa amejifunga kanga mpya ambayo sikuwahi kuiona mwilini mwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wameonyesha ya majembe?"

"Wameonyesha."

"Ikoje?"

"Ya kulala, Bibi. Utajichosha bure."

Alinitazama kidogo, kama anayesubiri niongeze neno. Akaenda nyumbani, akarudi na kanga yake ya zamani, na akina mama wote watano wakarudi kwenye ntumba, yale matuta yetu ya duara tunayofukia nyasi ndani zioze. Mimi nikaendelea kuwasimulia wenzangu farasi wangu. Jioni ya pili ikapita, hakuna aliyekwenda.

Siku ya tatu asubuhi, lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akifuata dagaa Kipili, lilisimama kwetu kuchukua maji. Alipomwona Bibi alianza kucheka kabla hajashuka.

"Shikamoo, Bibi Yustina. Jana nimekuona mjini, mkubwa kuliko duka langu. Unalima, unacheka, meno yote nje."

Hapo ndipo mambo yakanijia. Mwaka uliotangulia, nilipokuwa Wampembe kwa mjomba wangu mvuvi, watu wa kamera walikuja kijijini wakawapiga picha akina mama wakilima. Bibi alinisimulia niliporudi, nami nikamjibu kwamba picha za namna hiyo huishia kwenye makabati ya ofisi. Yeye hakubishana. Alinunua kanga, akaiweka mwaka mzima.

"Kristofa," akasema, "uliniona?"

"Sikukuona, Bibi. Nilitoka."

"Ulitoka ilipofika wapi?"

"Jembe la pili."

"La tatu ndilo lake," akasema Mzee Salumu.

Akina mama wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Kutoniona si kitu," akasema. "Nilikuuliza ikoje, na wewe hujui, ukajibu. Ungesema 'nilitoka,' ningetembea mwenyewe nikaone."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa viboko, lakini maneno hayo yaliuma zaidi.

Gari la sinema lilikuwa limetangulia Kipili. Lingeonyesha jioni hiyo tu, kisha liende Mpanda na huko mbele. Nikamwomba Mzee Salumu atuchukue. Akasema mbele kwa dereva pana nafasi ya mtu mmoja, na nyuma pana magunia ya chumvi. Nikamwambia dagaa wake wote nitapakia peke yangu. "Magunia arobaini?" Nikasema hata mia. Bibi akaenda kubadilisha kanga, na wenzake wanne wakapanda nami nyuma, juu ya chumvi.

Njiani lori lilichemka mara mbili kwenye vilima, na mimi nikawa nalipoza kwa maji huku nikilitazama jua linavyoshuka. Tulipofika ziwani giza lilikuwa limeingia na kitambaa kinawaka. Nikachungulia: farasi mweusi bado anakimbia. Sijawahi kumpenda farasi yule kama jioni ile.

Kisha udongo. Jembe la kwanza. La pili. La tatu likainuka, na bibi yangu akajaa kitambaa kizima, anacheka. Mvuvi mmoja akageuka, akamtazama Bibi, akatazama kitambaa, akainuka na kumpa kigoda chake. Sauti ya mwanaume ndani ya filamu ilipoita ntumba kilimo cha kizamani, akina mama watano wakasonya, na Kipili nzima ikasonya nao.

Bibi alikaa mpaka taa ya mashine ilipozimwa.

"Wamenikata miguu, picha imeishia kiunoni," akasema. "Tuta langu hawakulionyesha likiisha, watu watadhani niliacha kazi. Na yule msemaji hajawahi kushika jembe. Lakini ni ya kutembea. Haya, wewe. Ikoje?"

"Nzuri, Bibi. Ila muziki umefunika kicheko chako."

Akatabasamu. "Sasa umeangalia."

Magunia arobaini yale niliyabeba nikiimba.

Basi ushauri wangu ndio huu. Filamu zenu mpya nami nazitazama, na nyingi sizipendi. Watu wanapigana nguo hazichafuki, wanalia kamasi halitoki. Nazisema vibaya bila woga, lakini baada ya kukaa mpaka majina yote yamepita. Nawe sema, ukali haukatazwi. Kaa kwanza. Na ukitoka katikati, sema umetoka katikati, kwa sababu kuna mtu amenawa miguu anasubiri neno lako.

Mungu akupe subira ya kufika jembe la tatu, akupe magoti ya kutembea saa nne kwa ajili ya kitu kizuri, na siku yako ya kujaa kitambaa ikifika, wako wawepo wote, na asiwepo wa kukukata miguu.