Giza la Athieno Chini ya Pete

Ilikuwa elfu mbili ishirini na mbili. Ngoja, nasema uongo. Ilikuwa ishirini na tatu, maana mtama wetu wa shambani Sop Sop ulikuwa umeoza kwa mvua, na Athieno alinikuta nikiuanika huku nikinung'unika.

Athieno ni binti wa marehemu ndugu yangu wa kijiji cha Paya. Kazi yake ni kupitisha mizigo mpakani Busia. Anapanda lori, anasoma namba ya sili, ile lakiri inayofunga mlango wa kontena, anaipeleka forodhani. Mvua ikinyesha, miwani yake haioni kitu. Siku moja aliona tatu akaandika nane, lori likalala pale. Dereva wake, Chrispinus, akawa anamzomea mbele ya watu, "Madamu Madirisha! Leo unaona lori au ng'ombe?" Tajiri wake akamwambia akikosea tena arudi Paya akalime.

Basi akaamua kwenda Kampala kurekebishwa macho kwa leza. Mimi nikamsindikiza, si unajua mimi nasindikiza kila mtu.

Nesi alitueleza vizuri, hapo sina lawama. "Dada, tutaweka pete juu ya jicho, ilifyonze na kulishika. Presha ya jicho itapanda sana, utaona giza kidogo. Usisogee. Leza ikishakata kile kifuniko chembamba cha mbele, tunaachia, presha inashuka, mwanga unarudi."

"Nimeelewa," Athieno akasema. Na alielewa kweli! Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa, Athieno anasali na kikundi cha akina mama wa Busia. Kiongozi wao, Mama Justine, akitaja giza tu, wote wanatikisa kichwa kwa nguvu na kulikemea litoke. Miaka nenda miaka rudi, kila ibada.

Mimi niko nje kwenye benchi, namsikia nesi kwa sauti ya upole, "Haya dada, tulia, giza linakuja..."

"Toka!"

Mashine ikanyamaza. Kisha daktari, "Mama! Mbona umetikisa kichwa?"

"Nisamehe daktari, mdomo umejibu wenyewe."

Pete ilikuwa imeachia, leza imekata nusu tu. Daktari akaishia hapo. Alisema jicho litapona, lakini asubiri miezi kadhaa ndipo waone kama linakatika tena. La pili hata hawakuligusa.

Tuliporudi Busia nikamwendea Mama Justine, nimechoka, nimekasirika. Akanitazama kwa huruma. "Baba, si giza limetoka? Mnalalamika nini?"

Ee Mungu wangu!

Jicho lilipona. Athieno bado anapanda malori na miwani ileile, na tajiri bado anamvizia. Juzi nesi alipiga simu: arudi, wajaribu tena. Athieno akafurahi, akaniachia simu akakimbilia lori. Nikauliza jambo moja tu, nesi akasema atamuuliza daktari, na mpaka leo kimya.

Nilimuuliza hivi: "Safari hii, kabla ya kumkandamiza jicho, mtamwambia nini kinakuja?"