Nilivyoikimbia misa ya Waanglikana wenzangu Pongwe nikidhani ni Waroma

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki nzima nawasoma humu mnagombana: ubani kanisani ni halali au si halali, Mwanglikana wa kweli ni yupi. Nina karibu miaka tisini na nataipu kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nitasema lililonipata, wala sitaongeza chumvi. Iliyomo inatosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi kijana wa bara, shule niliiacha darasa la nne. (Mwalimu wangu alidai alinifukuza kwa maswali. Ni marehemu, hatabisha.)

Asubuhi moja nikaona lori la mahindi linawashwa, nikapanda. Mpango sina.

Mfukoni nilikuwa na kitu kimoja cha maana: barua ya mchungaji wetu, kwamba mimi ni Mwanglikana na popote nitakapofika nipokelewe. Aliiandika haraka sana, nadhani kwa furaha ya kuniona naondoka.

Siku ya tatu, Jumapili, lori la pili likanishusha Pongwe, huku pwani. Ndugu sina, senti sina. Ile barua ndiyo ilikuwa kitanda changu.

Nikaelekezwa kanisani. Kuingia tu: kengele, moshi wa ubani, padri kavaa joho la kumetameta, watu wanapiga goti, Bikira Maria pembeni na mshumaa wake. Kwetu kanisa lilikuwa meza, Biblia na mahubiri marefu.

Nikatoka mbio.

Nje palikuwa na fundi baiskeli. "Kaka, nimeelekezwa vibaya. Natafuta Waanglikana."

"Si ndimo ulimotoka?"

"Hao ni Waroma!"

Akacheka mpaka spana ikamdondoka. "Rudi ukawaambie hivyo, wakutie bakora."

Sikumwamini. Nikatembea hadi kwa Waroma wenyewe. Katekista wao akaisoma barua kwa adabu, akanirudishia. "Kijana, wewe ni wa wale pale. Wanatuiga kila kitu isipokuwa Papa."

Nikarudi kichwa chini. Misa imekwisha. Mwalimu Hilari, aliyekuwa akiongoza mafundisho pale, akaisoma barua yangu mlangoni mbele ya kina mama.

"Imeandikwa na mchungaji. Sisi tuna mapadri. Wewe Mlutheri."

"Mwanglikana, mwalimu. Tangu kuzaliwa."

"Basi fanya ishara ya msalaba."

Wakuu, hapo nilikwama. Nyumbani tuliambiwa hayo ni mambo ya Kirumi. Nifanye kwa ajili ya kitanda? Tumbo likasema fanya.

"Sikufundishwa," nikasema, "na sitaigiza."

"Basi kalale kwa waliokufundisha."

Nimeshageuka, nikasikia, "Ngoja, we wa bara." Alikuwa Bibi Agnesi, mjane, anakunja vitambaa vya altare. "Ungamo mnalijua huko kwenu?"

"Shikamoo, bibi. Tunalijua."

"Sema."

Nikaanza ile sala ya kuungama dhambi. Kwa neno la tatu akajiunga. Maneno yalipishana hapa na pale, ya kwao ya pwani, ya kwetu ya bara, lakini tulivuta pumzi mahali pamoja, tukafika Amina pamoja. Nikatupa jicho kwa Mwalimu Hilari. Midomo yake nayo ilikuwa inasema Amina.

"Mlutheri gani huyu, Hilari?" bibi akauliza. "Beba kifurushi chako, mwanangu."

Chumba alichonipa kilikuwa cha uani, kikavu, na mkeka mpya. Stoo ya kanisa ilikuwa inavuja, kwa hiyo makopo yote ya ubani yalihifadhiwa humo, juu ya kichwa changu.

"Asubuhi umeukimbia," akasema. "Sasa lala nao."

Nililala nao miezi minne, mafua sikupata.

Nilichojifunza ni kidogo. Mkitaka kujua Mwanglikana wa kweli ni yupi, mwulizeni kwanza kama amepata pa kulala.

Haya, wa ubani na msiotaka ubani: akija mgeni na barua isiyofanana na yenu, mtamfanyaje? Semeni kweli, humu hatujuani majina.