Chesi ya Gari la Kipngeno

Nakumbuka siku tuliyomzika kaka yangu mkubwa, Kipngeno. Mvua ya Kericho ilikuwa imetuhurumia ikabaki manyunyu tu. Vijana wa rika langu walisimama nyuma ya umati, karibu na michai, na hawakuwa wakiimba. Walikuwa na petroli. Nilijua, mwanangu, kwa sababu mtungi wenyewe ulitoka bandani kwetu. Walingoja udongo urudishwe kaburini, ndipo waende senta wakachome gereji ya Mzee Njoroge, na mwenyewe akipatikana ndani, basi.

Ngoja nikueleze mambo yalivyofika hapo. Na hiyo simu iweke chini, sitarudia.

Baba yetu alikuwa dereva wa meneja mmoja Mzungu kwenye shamba kubwa la chai. Mzungu alipostaafu akarudi kwao, alimwachia baba gari lake dogo la spoti, la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, boneti ndefu kuliko gari lenyewe. Lilikuwa limekufa tayari. Baba alilisukuma hadi kwenye banda nyuma ya nyumba, akasema atalitengeneza, akafariki kabla hajafungua hata nati moja. Bandani humo ndimo tulimoweka mbolea ya chai. Sakafu ilikuwa ya udongo na ilikuwa ikilowa, kwa hiyo mama akawa anapanga magunia ndani ya gari, kila msimu. Nani angemlaumu? Mahali pakavu palikuwa hapo tu.

Wewe umekulia huku, unajua mbolea ya chai inavyokula chuma. Wilbaro haimalizi miaka miwili. Jembe ukilisahau juu ya gunia, unalikuta limechubuka. Tulijua yote hayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria gari.

Miaka ya tisini ikiwa katikati, Kipngeno akaamua kulifufua. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na mikono yake ilikuwa mizuri kweli. Looh, alivyolipenda! Jumapili tukitoka kanisani hata chai hanywi, anaingia chini ya gari na suti yake, mama anapiga kelele. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza kupiga rangi mjini, kwa hiyo kazi ya bodi ikawa yangu. Injini ya zamani ilikuwa imekwama kabisa, na hata isingekwama asingeitaka. Yeye alitaka nguvu.

Basi tukaenda kwa Mzee Njoroge. Watu wake walikuwa wametoka Nyeri zamani, lakini yeye alisema Kipsigis vizuri kuliko wengine wetu, na alitutania kwacho. Aliuza spea kuukuu, na siku hiyo alikuwa na injini ya pikapu ya Kijapani.

"Hii ni nzito kushinda ile yenu," alituambia. "Na nguvu yake ni mbaya. Chesi ya kuibeba huko chini iko namna gani?"

"Chesi iko sawa, mzee," Kipngeno akajibu. "Hiyo ni chuma ya Uingereza."

Njoroge akaniangalia mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Nilitazama viatu kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimelala chini ya gari nikikwangua uchafu, bisibisi ikazama kwenye chesi kama inaingia kwenye kiazi kilichochemshwa. Nilimwita Kipngeno akaona. Akasema tubandike bati, tutie filla ya kuziba mashimo, nipige rangi, akipata nafasi ataichomelea vizuri baadaye. Nilimwambia, "Lakini hii imeoza." Akasema, "Wewe piga rangi." Nikapiga. Kijani kilichokolea, kama majani baada ya mvua. Ilipendeza, sitakudanganya, watu walitoka mbali kuja kuitazama.

Siku aliyolitoa, watoto walilifuata mbio hadi lami. Alienda kulijaribu kwenye mteremko wa Fort Ternan. Chini kule, penye shimo, gari lilivunjika katikati, mbele likaenda huku na nyuma kule, naye akiwa hapo hapo lilipoachana. Watu waliokuwa wakikata miwa ndio waliomtoa. Hakufika hospitali.

Sasa sikiliza. Kwenye matanga maneno yakaanza. Injini ya Njoroge ilikuwa na mkosi. Njoroge aliiharibu makusudi. Watu wa Njoroge hawataki watoto wetu waendelee. Unajua miaka ile ya mapigano ya makabila ilivyokuwa huku kwetu. Jina la mtu lilitosha kumhukumu. Na mimi nilikaa katikati ya maneno hayo, kikombe mkononi, kimya. Nilijiambia nikitaja bisibisi nitamwaibisha marehemu. Uongo mtupu! Niliogopa kuulizwa rangi ilipigwa na nani.

Pasta alipomaliza kuomba, mama akanyoosha mkono akataka kusema. Mabaki ya gari yalikuwa yameletwa na trekta, yamelala nyuma ya banda, na kumbe asubuhi hiyo alikuwa ameenda huko peke yake. Akatoa kipande cha chesi ndani ya shali. Akakiminya. Kikamomonyoka mkononi mwake, kutu ikaanguka juu ya udongo wa kaburi, pakabaki gamba la rangi ya kijani.

"Angalieni," alisema. "Hii ndiyo iliniulia mtoto. Si injini, na si Njoroge. Mbolea ilikula hii chuma, na mbolea niliweka mimi, kwa hii mikono yangu. Kipngeno aliona, akafunika. Anayetaka kuchoma mtu aanze na mimi."

Mzee mmoja wa ukoo akapita katikati ya watu hadi nyuma, akauchukua ule mtungi kutoka mkononi mwa kijana, na kijana akauachilia.

Njoroge hakuchomwa. Lakini alisikia habari ya ule mtungi, nani asingesikia? Kabla mwezi haujaisha alipakia vyuma vyake kwenye lori akahama, na mimi sikwenda kumuaga.

Jioni ya mazishi, mama aliniita jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, hajavua hata shali.

"Kiprono, ile rangi ni wewe ulipiga?"

"Ni mimi, mama."

"Na uliona ndani kabla ya kupiga?"

"Niliona."

Akatazama moto. "Leo nimemvua mtoto wangu nguo mbele ya watu, hata hajafunikwa vizuri. Hiyo kazi ilikuwa yako."

Aliishi miaka mingi baadaye, akanipikia, akalea watoto wangu, na hakunitajia tena jambo hilo. Heri angenichapa, mwanangu. Heri angenitukana kila siku.

Naona jinsi nyinyi mnavyoyashusha magari yenu siku hizi na kuyawekea mabomba ya kupiga kelele. Fanyeni, sina ugomvi na ujana. Ila ukiona kilichooza, sema siku hiyo hiyo uliyokiona, aliyekosea angali hai wa kukukasirikia. Akufukuze bandani, akunyime salamu, sema tu, halafu kataa kupiga rangi. Ukikaa kimya, jambo halitakaa kimya nawe. Litamtafuta jirani asiyehusika, na litamlazimisha mama mzee kusimama kaburini na kusema lililokushinda wewe mwenye nguvu zako.

Nenda salama. Mungu akulinde barabarani, wewe na utakaowapakia. Akupe kinywa cha kusema mapema, na mama yako asiitwe kamwe kusema kwa ajili yako.