Kaburi la Shangazi Nje ya Ua

Mwezi uliopita nilipeleka filamu yangu Amagoro, kwenye ukumbi wa kanisa. Ni filamu ya wajane wanaofukuzwa mashambani. Akina mama walipiga vigelegele, nikahutubu kuhusu haki sawa mpaka sauti ikakauka. Nilipotoka nje, nyuma ya ukumbi mama mmoja alikuwa akikaanga unga wa wimbi uliochacha juu ya bati, wa kupikia pombe. Harufu ile, uchachu na moshi pamoja! Aki rafiki yangu, niliketi vumbini na nguo zangu za jukwaani, nikalia.

Hiyo ndiyo harufu ya boma la nyanya yangu, upande wa Chakol, na ya shangazi yangu. Shangazi hakuwahi kuolewa. Sababu sikuambiwa, na sisi watoto haikutuhusu. Alikaa kwenye kijumba karibu na migomba, akimtunza nyanya na kupika pombe ya wimbi kila Jumamosi. Sisi tulipepeta wimbi, tukateka maji, tukageuza unga kwenye bati kwa jembe kuukuu ili usiungue. Malipo yetu yalikuwa viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, na shangazi mwenyewe.

Kwa sababu shangazi alikuwa anaigiza, bwana. Alijifunga leso kichwani, akatunisha tumbo, mara akawa askari wa forodha pale Malaba akipekua gunia la mama wa kutoka Uganda. "Wewe mama, fungua! Hii ni samaki ama umenificha shemeji?" Alikuwa mama huyo pia, akilia na kubembeleza, kisha gunia lenyewe. Tuligaragara. Nyanya alishika mbavu, akasema, "Huyu angezaliwa mwanaume, saa hii angekuwa chifu." Miaka mingi nilidhani hiyo ni sifa.

Nilikuwa na kama miaka tisa jirani yetu alipokufa, mwanamke mzima ambaye naye hakuolewa. Kwetu binti kama huyo hatolewi langoni. Walikata tundu kwenye ua, nyuma, wakampitishia hapo na kumzika nje, kando ya njia ya ng'ombe. Shangazi aliporudi mazishini hakuigiza mtu. Aligeuza unga kimya kimya mpaka ukaungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Na mimi watanitoa hivyo hivyo," akaniambia. "Lakini wewe una mdomo, mtoto wangu. Siku yangu ikifika, waambie nilale ndani, na watu wetu."

"Nitawaambia, shangazi." Niliapa kwa Mungu, kiazi kikiwa bado mdomoni.

Alikufa miaka mitatu iliyopita. Wakati huo nilikuwa nimeshaingia kumbi ngapi sijui, nikiwaambia wanawake wasinyamaze. Nilikuja na kamera, na maneno nimeyapanga vizuri kichwani. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye viti vya plastiki, vijana wakiufyeka ua kwa panga. Nikasimama. Kabla sijafungua kinywa, baba mdogo, aliyekuwa akinibeba kwa baisikeli kwenda shule, akanishika mkono. "Keti, mama," akaninong'oneza. "Hata wewe bado hujaolewa. Wataanza kukuongelea wewe."

Nikaketi. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyeinua fimbo. Niliona aibu tu, mimi ninayezunguka nchi nzima nikifundisha wengine wasione aibu. Shangazi akapitishwa kwenye tundu, nami nikawasha kamera, nikajidanganya kwamba nachukua ushahidi. Mganga hajigangi, wanasema. Picha hizo sijazifungua mpaka leo, na sidhani nitazifungua.

Basi nikatoka Amagoro siku ile ya harufu, nikaenda nyumbani. Jiko la nyanya limeanguka, yeye mwenyewe aliondoka kabla ya shangazi. Wale watoto tuliogeuza nao unga wametawanyika Malaba na Busia, na ukiwauliza habari ya askari wa forodha wanacheka kidogo, kisha wanaangalia simu. Nimefanya kazi na waigizaji wengi wazuri, lakini sijapata hata mmoja wa kunitolea ile sauti. Wakati mwingine mimi mwenyewe naijaribu nikiwa peke yangu, na haiji. Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao maisha yake yote.

Nilimkuta shangazi kando ya njia, mbuzi wamelala juu yake. Nilikuwa nikiwafukuza, baba mdogo akaja na mkongojo wake. Amezeeka sana. Alifurahi kuniona mpaka machozi yakamlengalenga, akanipa habari za mvua na za magoti yake. Kisha akanyoosha mkongojo kwenye ardhi tupu iliyo ubavuni mwa shangazi, mahali palipopaliliwa vizuri, hata jani halipo.

"Nimewakataza vijana wasipande mihogo hapa," akasema. "Hapa ni pako. Usiwe na wasiwasi, mama, hatujakusahau."

Alisema kwa upendo, na upendo huo ulikuwa wa kweli. Nikatafuta ule mdomo niliosifiwa utotoni.

"Asante, baba," nikasema.