Aliyerudi Kutoka Burma ni Mume Wangu

Mwanangu, siku waliyokuja na kamba siisahau mpaka leo. Nilikuwa natwanga mtama nyumbani kwetu Kinampanda, na mume wangu, Kingu, amelala ndani, amelewa, jua bado halijapanda.

Waingereza walimchukua Kingu kwenda vitani Burma, kupigana na Wajapani. Vita vilipokwisha alishuka treni Itigi, akafika nyumbani na koti la jeshi na viungo vyake vyote, tukachinja mbuzi. Hatukujua alichorudi nacho moyoni. Radi ikipiga, au chungu kikianguka, alijitupa chini akafunika kichwa. Pombe ndiyo iliyomtuliza, akaanza kuinywa asubuhi. Kisha siku moja mtu akamgusa bega kwa nyuma kilabuni, Kingu akageuka na kumkaba mpaka watu wakamtoa kwa nguvu. Aliyekabwa ni Shani, kaka yake mkubwa.

Kesho yake Shani akaja na wanaume wengine, wamfunge na kumpeleka kwa mtemi, ili apelekwe mbali kwenye hospitali ya vichaa. Nilisimama mlangoni na mchi wangu mkononi.

"Shemeji, tupishe," Shani akasema. Shingo yake bado ilikuwa na alama za vidole. "Ndugu yetu alibaki Burma. Huyu siye."

"Aliyerudi kutoka Burma ni mume wangu," nikamwambia. "Mkitaka kumfunga, anzeni na mimi."

Sikuzaliwa jeuri, mwanangu. Lakini sikupisha. Mwishowe mama mkwe, aliyekuwa akitazama tu, akamwambia Shani arudi kwake na kamba yake.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Alisema mwili ulioshikwa na woga hausikii ukiambiwa utulie, lazima ufundishwe. Akamkalisha Kingu uani, nyayo tupu kwenye udongo, akamwekea kiganja mgongoni na kumwongoza kupumua polepole, kama alivyowaongoza wanawake wenye uchungu. Kingu aliona aibu, akacheka, kisha akalia sana. Tukafanya hivyo kila asubuhi, halafu tukashuka shambani kulima kwa wimbo, pumzi ikifuata jembe.

Jioni tulisali. Sala za kanisani hazikumtoka. Alimuuliza Mungu kwa hasira alikuwa wapi wenzake walipokufa. Mzee mmoja wa kanisa akanionya kwamba hiyo ni kufuru, nimnyamazishe. Nilimjibu kwa heshima kwamba anayegombana na Mungu bado anaongea naye, na kwamba nyumbani kwangu ataendelea kuongea.

Wakati wa mavuno alirudia pombe. Watu wakanijia na maneno yao: si tulikuambia? Asubuhi nilimkalisha tena uani, tukaanza upya. Tulianza upya mara nyingi, mpaka ikafika mahali pombe ikipita mbele yake haimwiti tena. Shani akaja mwenyewe kumwomba walime pamoja. Radi ilimtetemesha hadi uzeeni, lakini alitetemeka ameketi kando yangu, macho wazi, akipumua.

Basi, mwanangu, kama umeona mabaya, na sasa chupa au bangi ndiyo inayokulaza, nisikie. Kutetemeka si wazimu, na kurudia kosa si mwisho wa safari. Usiuchukie mwili wako, maana ndio uliokuvusha. Upe pumzi, upe kazi, upe mapumziko. Mwambie Mungu ukweli, hata kama ni ukweli wenye hasira. Shikamana na mtu mmoja asiyekuogopa. Na yeyote atakayekuambia kwamba umekwisha, awe ndugu, awe mkubwa wa serikali, mkatalie, hata kama sauti yako itakuwa ndogo.

Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi mtamu, na wote waliokukatia tamaa waje wale chakula nyumbani kwako.